Wageni kutoka Wales na Kivenda Nisichokijua

Ijumaa, Septemba 2012. Upepo tangu asubuhi. Vumbi la njano la vilima vya machimbo limeganda kwenye madirisha ya maktaba, na mvua ya kwanza bado haijaja. Nimechagua kompyuta ya mwisho, mgongo ukutani, ili mtu asipite nyuma yangu.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata humu kwenye blogu yangu ambamo nimeandika mengi. Kwa miaka mitatu, shuleni kwetu, mimi nimekuwa Mvenda.

Sikuanza mimi. Siku ya kwanza ya Darasa la Nane, mwalimu wetu wa Kiingereza, Mem Mokoena, alikuwa akiita majina. Alipofika kwenye jina langu la ukoo, ambalo linaanza na Mu, aliinua macho akanitazama, weusi wangu na woga wangu, akasema kwa furaha, "Ah, Mvenda! Umetoka mbali, mwanangu." Majina mengi ya Kivenda huanza hivyo. Darasa zima liligeuka. Nilitakiwa kusema hapana.

Nilitabasamu.

Ofisini wanajua. Karatasi zetu za ukimbizi zimo kabatini mwao. Lakini hakuna mwanafunzi anayeingia ofisini kusoma kabati, na Mem hakuuliza tena. Wavenda kwao ni Limpopo, kaskazini kabisa, na kati ya lugha kumi na moja rasmi za nchi hii, Kivenda ni mojawapo ya zile ndogo. Wenzangu ni Wazulu, Wasotho, Waxhosa. Hakuna hata mmoja aliyejua neno la Kivenda. Niliona nimepata shimo zuri la kujifichia. Nani atakuja Johannesburg kutafuta lugha ndogo?

Kwa nini kujificha, mtauliza ninyi mnaosoma mkiwa Dodoma au Mombasa, ambako Kiswahili ni hewa tu.

Mwaka 2008 tulikuwa tukiishi lokesheni, mtaa wa maskini pembezoni mwa jiji, upande wa mashariki. Wanaume walikuja na marungu wakigonga mlango kwa mlango wakiwatafuta wageni, na mgeni walimpima kwa kiwiko. Walikuwa wakishika kiwiko chao na kukuuliza kinaitwaje kwa Kizulu. Papa alikuwa amejifunza Kizulu cha kununua mkate na Kizulu cha kuomba kazi. Kiwiko hakuwahi kukihitaji. Mimi nililijua neno lile. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa chini ya kitanda na mdogo wangu, na nilikuwa nimeziba mdomo wake kwa mkono mmoja na wangu kwa mwingine.

Papa alipona. Mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri, lakini ni mlinzi kwenye ghorofa moja ndefu Hillbrow na anasema kufungua geti hakuhitaji mikono miwili. Tulihamia Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, tukiwa na Watanzania upande mmoja na Warundi upande mwingine. Ndani tunaongea Kiswahili chetu cha Uvira, mashariki mwa Kongo. Nje ya geti, Papa ametukataza hata kupokea simu ya shangazi.

Sasa nieleze ya Wales.

Wiki iliyopita Mem alitangaza kwamba tungepata wageni kwa ajili ya juma la urithi. Walikuwa wakitokea Lesotho, ambako Wales ina urafiki wa miaka mingi, shule kwa shule. Sipho, ambaye hawezi kukaa dakika bila kusema, aliinua mkono.

"Mem, Wales si Uingereza tu hiyo?"

"Sipho, ukisema hivyo mbele yao, utaosha madirisha ya ukumbi mpaka Krismasi."

"Eish. Kwani ni kubwa kiasi gani?"

"Watu wake ni wachache kuliko watu wa Johannesburg."

"Basi ni lokesheni, Mem!"

Darasa liliangua kicheko. Mem naye alicheka, kisha akaeleza. Nilipenda maelezo yake, na baadaye nilikwenda kusoma zaidi. Ni nchi ndogo isiyo na jeshi lake wala balozi zake, na mambo yake ya nje huamuliwa London. Lakini inataka dunia ijue kwamba ipo. Hutuma kwaya, hutuma timu ya raga, na hutuma watu kama hawa, wanaobeba lugha yao shule hadi shule. Huko kwao ni mtu mmoja kati ya watano hivi anayeizungumza, na wamepigania miaka mingi mpaka juzijuzi ikapata hadhi rasmi kamili. Nilisoma haya nikiwa nimeinamia kitabu kama mtu anayesoma habari za ndugu zake.

Halafu nikakumbuka sentensi ya mwisho ya Mem, ambayo niliisikia lakini nilikuwa nimekataa kuielewa.

"Wameomba hasa lugha ndogo. Kizulu wamekisikia kila mahali. Na sisi tuna bahati, tuna Mvenda wetu."

Walinipigia makofi. Lerato, rafiki yangu, alinipiga bega kwa fahari kana kwamba nimefunga goli.

Tangu dakika hiyo sikuweza kula vizuri. Mama alinipa dawa ya tumbo. Niliwaza kuugua kweli. Niliwaza kujiangusha ngazini, si sana, kifundo cha mguu tu. Niliwaza kumwambia Mem, na kila mara nilipofika mlangoni mwake nilisikia marungu yakigonga bati, nikageuka.

Nikafanya ninalolijua, yaani kutafuta kitabu. Humu maktabani kuna kimoja chembamba cha mila, na ndani yake nilikuta jinsi mwanamke wa Kivenda anavyosalimia. Anajilaza ubavu sakafuni au anapiga magoti, anaunganisha viganja, anainamisha kichwa, na anasema "Aa". Mwanamume anasema "Ndaa". Nilifurahi mno. Silabi moja! Ningejilaza, ningesema silabi yangu, ningeinuka, ningekaa. Wageni wangepiga picha ya heshima hiyo, na kila mtu angeridhika.

Nilifanya mazoezi kwenye mkeka. Mdogo wangu Bahati alinikuta nimelala ubavu.

"Yaya," aliniita, yaani dada mkubwa kwetu, "unakufa?"

"Nafanya kazi ya shule."

"Kazi ya shule ya kulala? Mimi nataka shule yako."

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Wageni walikuwa watatu. Kiongozi wao alikuwa mama mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, ambaye nitamwita Bi. Gwen (humu nimebadilisha majina ya wote). Alikuwepo kijana mwenye kamera na kinasa sauti, na mzee mmoja mwenye sauti nene aliyeimba peke yake bila gitaa mpaka hata Sipho akanyamaza. Bi. Gwen alitufundisha kusema habari za asubuhi, "Bore da", nasi tukaijibu kwa kelele.

Kisha akatusimulia jambo. Alisema zamani, wakati wa bibi wa bibi yake, shule za kwao zilikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto akisikika akisema Kiwelisi, anavishwa shingoni. Anaweza kukivua kwa njia moja tu, akimkamata mwenzake akiongea Kiwelisi na kumpa yeye. Anayekuwa nacho jioni ndiye anayechapwa. "Kwa hiyo," alisema, "mwalimu hakuhitaji hata kusikiliza. Watoto walisikilizana wenyewe."

Hadithi hiyo nilikuwa naijua. Papa alivishwa mfupa wa ng'ombe shuleni Uvira kwa kusema Kiswahili mahali pa Kifaransa. Waliuita symbole. Hutusimulia akicheka, jinsi alivyomvizia kaka yake mwenyewe chooni ili amvishe. Tunacheka naye. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mama wa Kizungu, upande wa pili wa dunia, mwenye hadithi hiyohiyo, na kwamba yeye haicheki.

Papa alivishwa na mwalimu. Mimi nilijivisha mwenyewe, na sikuwa na mtu wa kumkabidhi.

Walianza kuita lugha. Lerato alisema shairi la Kisotho. Msichana wa Kixhosa alifanya zile sauti za ulimi wake, na wageni walijaribu wakashindwa, watu wakacheka mpaka machozi. Kisha Mem akaita jina langu, na akaongeza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na kwa bahati nzuri zaidi, dereva wa wageni wetu ni mzee kutoka Venda kabisa. Baba, karibu mbele. Binti yako huyu hapa."

Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mtu wa makamo mwenye kofia mkononi. Sikuwa nimemwona. Alikuja mbele akitabasamu, tabasamu la mtu aliye ugenini anayesikia jirani yake ameitwa.

Miguu yangu ilinipeleka. Nilijilaza kama nilivyofanya mazoezi. Niliunganisha viganja. Nilisema "Aa".

"Ndaa!" alijibu, na sauti yake ilijaa ukumbi. Kisha akaendelea. Maneno mengi, laini, yenye maswali ndani yake. Nilijua ni maswali kwa jinsi yalivyopanda mwishoni. Halafu akasubiri.

Nilibaki sakafuni. Wenzangu walidhani ni sehemu ya heshima, wakapiga makofi. Ningeweza kuinuka wakati ule na kurudi kitini, naapa ningeweza. Macho yangu yalikuwa kwenye viatu vyake, viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri kwa ajili ya siku hii. Aliinama. Akaniambia taratibu, sasa kwa Kiingereza, kana kwamba anadhani nimeona aibu tu, "Mwanangu, nilikuuliza wewe ni wa kijiji gani. Labda nawajua wazazi wako."

Ningependa kuandika kwamba hadithi ya ubao ilinipa ujasiri. Haikunipa. Nilikuwa naogopa kama nilivyoogopa chini ya kile kitanda. Lakini alikuwa amefurahi mno yule dereva, na ningelazimika kumtungia kijiji, na baba, na mama. Woga wa kufanya hivyo ulikuwa mkubwa kwa unywele mmoja kuliko woga ule mwingine.

Nikasema, "Mimi si Mvenda. Samahani, baba. Mimi natoka Kongo. Lugha yangu ni Kiswahili."

Hakuna aliyepiga makofi.

Kutoka nyuma, sauti ya mvulana ilisema neno lile wanalotutukania sisi wageni, kwerekwere, si kwa nguvu, kama mtu anayetema ganda. Baadhi walicheka. Mem aligeuka. "Nani amesema hilo? Nimeuliza, nani?" Wale waliocheka waliinamisha vichwa. Sipho alikuwa ameshika kichwa. "Hau, Mvenda wetu ameyeyuka," alisema, lakini polepole, kama anajisemea.

Dereva alinishika mkono akaniinua. Alivaa kofia yake akarudi mlangoni, na sijui kama alikasirika au alihuzunika. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Bi. Gwen ndiye aliyekuja mbele. Macho yake yaling'aa. Aliniomba niseme kitu kwa Kiswahili, chochote. Kijana alisogeza kinasa sauti. Nikasema kwamba kwetu ni Uvira, milima iko nyuma na ziwa liko mbele, na kwamba asubuhi watu husalimiana kwa kuulizana umeamkaje, hawapiti bila kuuliza. Niliyasema hadharani, kwa sauti yangu, katika jiji hili, kwa mara ya kwanza.

"Inazungumzwa na watu wengi?" aliniuliza.

"Makumi ya mamilioni, nadhani."

Alicheka kwa nguvu. "Basi kati yetu sisi wawili, mwenye lugha ndogo ni mimi!"

Kijana alinipiga picha nikiwa naye. Bi. Gwen aliniuliza kama ningekubali picha na sauti viwekwe kwenye tovuti yao, pamoja na jina langu na la shule, ili watoto wa Wales wanione. Alikuwa mwema sana. Nikasema ndiyo, kwa sababu sijui kumwambia hapana mtu mwema.

Nilipotoka ukumbini Lerato alikuwa akinisubiri, nikadhani ananisubiri kwa upendo.

"Umekula kwetu," alisema. "Miaka mitatu. Mama yangu alikuuliza kama mvua imenyesha kwenu Limpopo. Unakumbuka ulimjibu nini?"

Nilikumbuka.

"Ulisema imenyesha sana. Ulisema mahindi yamepona. Mama akamshukuru Mungu kwa ajili ya mahindi yako."

Akaondoka. Kama angenitukana ningejua la kufanya.

Njia ya kurudi Bellevue sijawahi kuiona ndefu vile. Nyuma yangu walikuwa wavulana watatu wa darasa letu, wakiongea na kucheka. Nilipoharakisha niliwasikia wakiharakisha. Nikaingia kwenye spaza ya kona nikasimama mbele ya mikate nikijifanya ninachagua. Walipita mbio. Teksi yao ilikuwa ikiondoka. Hawakunitazama hata. Bado nilikaa mle ndani mpaka mwenye duka akaniuliza kama mikate ya leo ina shida.

Nilimwambia Papa kabla hajaenda zamu. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama kati ya meza na jiko, Mama akiwa amesimamisha kisu juu ya kitunguu. Nilitegemea kelele. Papa hakupiga kelele. Aliacha kufunga vifungo vya koti lake la kazi.

"Banajua tunaishi wapi?"

"Hapana, Papa."

"Picha?"

"Walipiga."

"Na jina?"

Niliitikia kwa kichwa. Alikaa kwenye kitanda. Nimemwona Papa akiwa na maumivu, nimemwona akiwa na njaa, lakini jana nilimwona akiogopa kwa ajili yangu, na uso wake ulikuwa kama uso wa Bahati. Mama alisema, "Mtoto amechoka kudanganya, baba Bahati. Hata mimi nimechoka." Papa akasema, "Kuchoka si kufa." Aliondoka bila kula.

Usiku kucha niliwaona watu wasio na nyuso wakisoma jina langu.

Niandike na hili pia, kwa kuwa leo nasema kweli. Sijuti. Ninaogopa kiasi kwamba vidole vinakosea herufi, lakini nikijiuliza kama ningependa kurudi Jumatano, niwe Mvenda tena, jibu ni hapana. Sikujua mtu anaweza kuwa na mambo haya mawili kwa pamoja. Je, Bi. Gwen angeitangaza lugha yake kama kila neno la Kiwelisi lingeonyesha watu mlango wa kugonga? Sijui. Labda hata yeye hajui. Hajawahi kuulizwa kiwiko.

Leo asubuhi nilifika shuleni mapema nikaenda moja kwa moja kwa Mem Mokoena. Alikuwa akisahihisha. Aliponiona alivua miwani.

"Kwa nini hukuniambia?"

Ni yeye aliyeniambia kwamba mimi ni Mvenda, lakini hilo nililimeza. Nilimweleza kuhusu picha. Nilimweleza kuhusu mkono wa Papa. Sijawahi kusema sentensi nyingi hivyo kwa mwalimu. Mem aliweka kiganja mdomoni, kisha akatafuta namba ya Bi. Gwen na kupiga simu. Wageni wataruka kesho. Aliweka simu mezani ili nami nisikie.

Akamweleza Bi. Gwen yote niliyosema. Tulisikia magari ya upande wake. Kisha Bi. Gwen akasema, "Sikufikiri, sikufikiri kabisa," na akamwita yule kijana, na tukamsikia akimwambia afute picha sasa hivi, mbele ya macho yake. Akarudi kwenye simu.

"Imefutika. Na sauti? Sema tu nayo tutaifuta."

Mem alinitazama. Alikuwa tayari kunijibia, niliona, ila safari hii alisubiri.

Nikasema sauti ibaki. Nikasema jina langu litoke, na jina la shule, na jina la jiji. Waandike Kiswahili cha Uvira, basi. Bi. Gwen aliyarudia maneno hayo akiandika, akaniuliza Uvira inaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja.

Kengele ililia. Nilimshukuru Mem nikaenda kwenye somo la Hisabati. Lerato alikuwa amehamia safu ya mbele, karibu na dirisha. Kiti cha nyuma yake kilikuwa kitupu. Nilikaa hapo, nikatoa daftari na rula, nikaanza kunakili maswali ya ubaoni.